Namna ya Kudumisha Mawasiliano ya Tawi la Ofisi Mtandao Unapokatika Lamu

Tawi la ofisi lililoko kisiwani Lamu hutegemea njia ndefu kuliko wanavyodhani wanaolitumia. Ujumbe unaotoka kwenye meza ya karani karibu na gati la Amu, yaani mji wa Lamu, huvuka mkono wa bahari kufika bara, ukafuata minara na nyaya hadi Mombasa au Nairobi, na mara nyingine hushuka baharini tena kwenda kutafuta seva iliyoko Ulaya, kisha jibu hurudi, yote hayo kabla sekunde moja haijatimia. Popote njia hiyo inapokatika, karani huona jambo moja tu: skrini imekwama na mteja anasubiri. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulipanga tawi dogo ili liendelee kusemezana na makao makuu, na wateja, na madawati yake ya visiwani. Mfano nitakaoutumia ni chama cha akiba na mikopo chenye makao makuu Mombasa, tawi Amu na dawati dogo Faza katika kisiwa cha Pate, lakini hatua zenyewe zinaifaa pia zahanati, ofisi ya wakala wa mizigo au hoteli ya Shela. Msomaji wa Malindi hana bahari ya kuvuka, ila mengine yote yanamhusu.

Chora njia kabla ya kununua chochote

Wengi huanzia dukani. Hununua laini ya simu ya kampuni ya pili, wakaitia kwenye modemu, wakaamini kwamba wana akiba. Laini mbili zinazotegemea mnara mmoja, au kampuni mbili zinazokodi waya uleule kutoka bara, hukatika kwa pamoja, na fedha ya laini ya pili inakuwa imelipwa bure. Kwa hiyo chukua karatasi, uchore njia yote kutoka kwenye meza ya karani hadi kwenye seva: umeme wa jengo, vifaa vya ndani, kiungo kinachotoka nje ya jengo, mahali kiungo hicho kinapovukia kwenda bara, na mji ambamo seva imewekwa. Pembeni mwa kila sehemu andika inategemea nini, nani huitengeneza inapoharibika, na anapigiwa simu namba gani.

Mtoa huduma aulizwe kwa maandishi: mnara unaotuhudumia uko wapi, je, kampuni nyingine zimefunga vifaa vyao juu ya mnara huohuo, na betri zake hustahimili saa ngapi umeme unapokosekana? Ofisi kuu ya kampuni huenda isijibu yote. Fundi wao anayepanda minara hiyo, ukimuuliza kwa adabu, kwa kawaida hujibu.

Mahali seva ilipo ni jambo linalosahauliwa mno. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na nchi jirani. Siku hiyo simu za kawaida ndani ya Kenya na ujumbe mfupi vilifanya kazi, kwa kuwa haviendi ng'ambo. Hata baadhi ya tovuti na mifumo iliyowekwa Nairobi ilifikika, kwa sababu watoa huduma wa Kenya hubadilishana data zao hapahapa nchini kupitia kituo cha KIXP. Ofisi ambayo barua pepe, hazina ya nyaraka na simu zake zote hukaa kwenye seva za Ulaya ilikwama, ilhali jirani yake mwenye seva Nairobi aliendelea na kazi kwa taabu ndogo tu. Ikiwa mfumo wa akaunti za wateja unaweza kuwekwa nchini, uwekwe nchini.

Umeme nao una njia yake ya kuchora. Lamu hupata umeme wa gridi ya taifa kwa waya unaotoka Rabai kupitia Malindi na Garsen, hivyo hitilafu iliyo mbali sana na kisiwa huweza kukizima. Usiku wa 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani, na katika hali kama hiyo mtandao wa simu haufi papo hapo. Hufa baada ya saa kadhaa, betri za minara zinapokwisha. Saa hizo kadhaa ni muda wa kutumia, si wa kungojea. Tawi lenye umeme wa jua na taa zinazowaka hushangaa kuona mtandao umepotea alfajiri, kumbe mnara ndio uliolala. Na fundi wa kuuamsha huenda akachelewa: mwishoni mwa 2023 mafuriko ya mto Tana yaliikata barabara ya Garsen hadi Lamu, na katika siku kama hizo vipuri na mafuta ya jenereta husubiri upande wa pili.

Dakika tano za kujua palipokatika

Kabla ya kupiga simu ya kulalamika, karani afuate mtiririko mmoja usiobadilika, ulioandikwa na kubandikwa ukutani karibu na ruta. Kwanza atazame taa: je, ruta ina umeme, na taa ya laini ya nje inawaka kama ilivyo kawaida? Pili, afungue ukurasa wa ruta yenyewe kwa anwani yake ya ndani; usipofunguka, tatizo liko ndani ya jengo, na mara nyingi ni waya au swichi. Tatu, apime kwa amri ya ping ya kompyuta anwani ya lango la mtoa huduma, kisha anwani ya mbali ya tarakimu tupu, kwa mfano 8.8.8.8 ya Google au 1.1.1.1 ya Cloudflare. Anwani ya tarakimu ikijibu lakini tovuti kwa jina lake isifunguke, intaneti ipo na kilichokufa ni huduma ya kutafsiri majina, jambo linaloondolewa kwa kubadilisha mpangilio mmoja ndani ya ruta. Nne, apige simu ya kawaida kwa mkononi kwenda Mombasa. Simu ikipita, tawi bado lina sauti na lina ujumbe mfupi, na huo ni utajiri mkubwa kuliko watu wanavyouthamini.

Matokeo yaandikwe kwenye daftari pamoja na saa. Fundi wa mtoa huduma akiambiwa kwamba ruta inajibu, lango la kampuni halijibu na taa ya laini ya nje ni nyekundu tangu saa fulani, hawezi tena kumwambia karani azime kifaa na kukiwasha.

Umeme wa akiba

Vifaa vya mawasiliano havili umeme mwingi. Kisanduku cha faiba, ruta, swichi ndogo na simu mbili za mezani kwa pamoja hutumia takriban wati 35. Kifaa kidogo cha UPS chenye betri ya volti 12 na ampea-saa 7 kina wati-saa 84 kwenye karatasi, lakini baada ya hasara ya kubadilisha umeme na umri wa betri huwezi kutegemea zaidi ya saa moja hivi. Betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ukitumia asilimia 80 yake na kuondoa hasara, unabakiwa na zaidi ya 850, yaani karibu siku nzima mchana na usiku. Ruta nyingi hutumia volti 12 moja kwa moja, kwa hiyo muulize fundi kama anaweza kuzilisha kutoka kwenye betri kupitia kidhibiti cha volti, bila kupitia inveta, maana inveta hula umeme hata inapokuwa haina kazi.

Kwa Lamu ningeepuka betri za risasi pale bajeti inaporuhusu. Joto huzimaliza: kila nyuzi 10 zinazozidi 25 hupunguza umri wake kwa karibu nusu, na chumba cha stoo chenye dirisha dogo hupanda joto kuliko hapo. Kompyuta ya mezani na mashine ya kuchapa zisiunganishwe kabisa kwenye betri ya mawasiliano, hata meneja akiomba. Mashine ya kuchapa ya leza peke yake, inapopasha joto, huvuta mamia ya wati na kuangusha kila kitu.

Njia ya pili iwe ya kweli

Ukiwa na mchoro mkononi, uchaguzi wa njia ya pili unakuwa rahisi. Ikiwa njia kuu ni faiba, ya pili iwe modemu ya 4G ya kampuni inayotumia mnara mwingine. Ikiwa zote mbili huvukia mahali pamoja kwenda bara, njia inayojitegemea zaidi ni ya setilaiti. Starlink ilianza kutoa huduma nchini Kenya Julai 2023, na kwa kuwa setilaiti zake huzunguka kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, sauti huenda na kurudi bila kuchelewa kunakosikika. Setilaiti za zamani zilizo kimo cha takriban kilomita 36,000 huchelewesha maneno kwa zaidi ya nusu sekunde, na wazungumzaji hukatizana kila mara. Kumbuka tu kwamba data ya setilaiti bado hutua ardhini mahali fulani na kupita kwenye nyaya kama data nyingine, hivyo haiponyi kila ugonjwa.

Nyumba za Mji wa Kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe, ambazo humeza mawimbi ya simu. Modemu iliyowekwa mezani katika chumba cha chini itaonyesha mstari mmoja wa nguvu hata kama mnara uko karibu. Ipandishwe darini ndani ya kisanduku kisichopitisha maji, umeme wake upelekwe kwa waya uleule wa mtandao, ambao hustahimili hadi mita 100. Njia hii ni bora kuliko kuteremsha waya mrefu wa antena, kwa maana waya wa antena hupoteza nguvu kwa kila mita. Viungo vya nje vizungushiwe utepe wa mpira unaojishika wenyewe, na waya uachwe uning'inie kidogo chini ya kiungo ili maji ya mvua yadondoke pasipo kuingia. Chumvi ya bahari hula vichwa vya nyaya kimyakimya, hivyo vifunguliwe na kukaguliwa kabla ya masika na baada ya kusi. Kwa kuwa mji umo katika urithi wa dunia tangu 2001, wasiliana na Makumbusho ya Taifa kabla ya kutoboa ukuta au kusimamisha mlingoti juu ya dari.

Ruta yenye milango miwili ya intaneti huhamia njia ya pili yenyewe, lakini mpangilio wake ndio unaoharibu kazi katika ofisi nyingi. Ruta isipime lango la mtoa huduma peke yake, kwa sababu lango hilo laweza kujibu huku njia ya mbele yake imekufa. Ipime anwani mbili za mbali, na ihame zote mbili zinapokosa kujibu kwa sekunde 15 hivi mfululizo. Kurudi kwenye njia kuu kuwe kwa taratibu zaidi, baada ya dakika kumi za utulivu, la sivyo tawi litarukaruka kati ya njia mbili na kila simu itakatika njiani. Aidha, laini nyingi za simu hukaa nyuma ya anwani moja inayotumiwa na wateja wengi, hivyo makao makuu hayawezi kulifikia tawi kutoka nje. Muunganisho wa VPN, yaani njia ya faragha inayounganisha ofisi mbili kupitia intaneti, lazima uanzishwe na ruta ya Amu kuelekea Mombasa.

Njia ya pili isibebe kila kitu. Zuia masasisho ya programu, kamera za usalama na mikutano ya video. Simu moja ya intaneti kwa mpangilio wa kawaida hutumia kama megabaiti 80 kwa saa, kwenda na kurudi, kwa hiyo bando la gigabaiti 5 linatosha siku nyingi za mazungumzo, ilhali mkutano mmoja wa video wa asubuhi huweza kulimega sehemu kubwa.

Namba ambayo mteja anaijua isife

Mteja hana haja ya kujua habari za faiba. Anachojua ni namba moja iliyopakwa rangi mlangoni. Ikiwa namba hiyo ni ya simu za intaneti, mtoa huduma wa simu hizo aagizwe tangu mapema kwamba ruta ya tawi ikiacha kujibu, simu zote zielekezwe kwenye namba ya mkononi. Ikiwa ni namba ya mkononi, piga *62* ikifuatwa na namba ya pili, kisha #. Tangu hapo simu zitahamia kwenye namba hiyo kila wakati laini ya kwanza isipopatikana. Uhamishaji huo hufanywa na mitambo ya kampuni wala si na simu yako, ndiyo maana hufanya kazi hata mnara wa Amu ukiwa umezimika, mradi uliuweka kabla. Namba ya pili iwe ya mtu aliye Mombasa, si ya karani aliyekaa chini ya mnara huohuo.

Data ikikosekana kabisa

Hapa ndipo matawi mengi huanguka, kwa kuwa yametumia fedha zote kwenye vifaa na hayajaandika hata ukurasa mmoja wa utaratibu wa kazi. Ujumbe mfupi wa simu hupita hata pale intaneti haipo na simu za sauti zinakatikakatika, na huduma za M-Pesa hupatikana kwa *334# bila data yoyote. Tawi lenye nidhamu linaweza kumaliza siku nzima kwa vitu hivyo viwili na karatasi.

Tunga muundo mmoja wa ujumbe wa taarifa, kwa mfano: AMU. 14:30. INTANETI HAKUNA, SIMU IPO. WATEJA 6. FEDHA ILIYOPOKELEWA 41,200. RISITI 0311-0316. TAARIFA IJAYO 16:30. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, na Kiswahili huenea humo bila shida, ila alama moja ya ziada huharibu hesabu: emoji ya kuchekesha, au kile kipindo cha juu kilichopinda ambacho baadhi ya simu hukiweka zenyewe katika neno kama ng'ombe, huupunguza ujumbe huo hadi herufi 70, nao ukagawanyika vipande ambavyo siku ya msongamano hufika kimoja na kingine kikapotea. Saa ziandikwe kwa mtindo wa saa 24. Karani wa Amu akiandika saa nane na mhasibu wa Mombasa akaisoma kama 8 kwenye kompyuta yake, taarifa mbili zitapishana kwa saa sita.

Simu za sauti zipigwe kwa saa zilizopangwa, kila baada ya saa mbili, na Mombasa ndio wapige. Tawi lisipopokea simu wala kutuma ujumbe ndani ya nusu saa baada ya wakati uliopangwa, makao makuu yasisubiri maelezo. Yaanze hatua inayofuata, ambayo kwa kawaida ni kumpigia mtu aliye Mokowe au Mpeketoni, upande wa bara, ili avuke au atume habari.

Risiti za karatasi ziwe na namba zilizochapwa, zenye nakala tatu, na kiwango cha juu cha fedha anachoweza kutoa karani bila kuona salio kiamuliwe na uongozi siku ya amani, si kaunta ikiwa imejaa watu. Ikiwa orodha ya masalio huchapwa kila jioni kwa ajili hiyo, ikae ndani ya sefu, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haijui habari ya mtandao kukatika. Kwa sababu hiyohiyo, picha za vitambulisho vya wateja zisitumwe kwa simu binafsi za wafanyakazi.

Matapeli nao husikia kwamba mtandao umekatika. Mtu akipiga simu akijitambulisha kuwa afisa wa makao makuu na kuagiza fedha itumwe haraka kwa namba mpya, karani amwambie kwa upole kwamba atampigia, kisha apige namba iliyo kwenye daftari, si ile iliyoingia. Neno la siri linalobadilishwa kila mwezi husaidia, lakini lisitumike peke yake.

Faza na visiwa vingine

Dawati la Faza halina budi kuwa na njia isiyotegemea kampuni ya simu. Redio ya VHF ndiyo inayofaa zaidi kwa maji na visiwa hivi, na leseni yake hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya pamoja na masafa ya kutumia. Wanamaji wana chaneli 16, yenye masafa ya megahezi 156.8, kwa wito na dharura. Ofisi isiifanye mahali pa kusomea hesabu. Umbali wa redio hutegemea kimo cha antena kuliko nguvu ya kifaa: chukua kipeuo cha pili cha kimo cha kila antena kwa mita, ukizidishe kwa 4.1, kisha ujumlishe pande mbili. Antena ya mita 16 upande mmoja na ya mita 9 upande wa pili hufikishana takriban kilomita 29, na mikoko na majengo hupunguza hapo. Mazungumzo yawe mafupi: "Amu, Amu, hapa Faza. Taarifa ya saa nane mchana." Jina la mteja lisitajwe kamwe, maana kila chombo kilicho baharini kinasikia, itajwe namba ya risiti tu.

Barua kwa boti bado ina nafasi yake. Mkubaliane mapema na nahodha wa boti ya abiria, mumpe bahasha iliyofungwa au flashi yenye nenosiri, aitie sahihi anapoipokea na anapoikabidhi. Ila boti hizo hufuata maji kujaa, na wakati wa kusi bahari haiahidi chochote, kwa hiyo njia hii ni ya nyaraka zinazoweza kungoja hadi kesho.

Mazoezi, na mtandao unaporudi

Kila mwezi, siku ya kazi ya kawaida, mtu mmoja achomoe waya wa njia kuu bila kumtahadharisha karani, na tawi lifanye kazi nusu saa hivyo. Zoezi la siku ya Jumapili ofisi ikiwa tupu halionyeshi lolote. Utagundua kwamba namba fulani imebadilika, bando limekwisha muda wake, au aliyekuwa akijua nenosiri la ruta amehamishiwa Kilifi.

Mtandao ukirudi, subiri dakika kumi kabla ya kuuamini. Kisha ondoa uelekezaji wa simu ulioweka kwa mkono; msimbo ##002# hufuta wote kwa mara moja, hivyo ule wa *62* uwekwe upya papo hapo. Risiti za karatasi ziingizwe kwenye mfumo kwa mpangilio wa namba zake, na mtu ambaye hakuziandika, zikilinganishwa na ujumbe wa M-Pesa wa siku hiyo. Namba iliyoruka itafutwe kabla ya mahesabu kufungwa. Saa za kukatika na kurudi zitumwe kwa mtoa huduma kwa maandishi, hasa ikiwa mkataba unataja fidia. Bando, muda wa maongezi na vitabu vya risiti vilivyotumika vijazwe siku hiyohiyo kabla ofisi haijafungwa.